Geji Ambayo Baba Hakuwa Nayo

Pistoni ile bado ipo nyumbani. Mama huiweka mlangoni mwa jikoni ili upepo usiubamize mlango, na wageni wengi hudhani ni kopo lililoungua. Upande mmoja wa kichwa chake umeyeyuka ukaacha tundu linalopitisha kidole gumba, na kingo za tundu hilo ni laini kama nta. Ilitoka kwenye lori alilokuwa akiendesha baba mwaka 2009, limebeba tani 28 za mbolea kwenda Mbeya. Injini ilikufa katikati ya mlima Kitonga.

Mwenye lori hakuuliza mengi. Dereva amekanyaga mafuta kupita kiasi, ameua injini, atalipa. Baba alikatwa mshahara kwa miezi kumi na minne. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka tulihama kutoka vyumba viwili kwenda kimoja, na baba hakuwahi kujitetea mbele yetu, hata siku moja.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia. Nilitakiwa kuandika juu ya siasa za lami. Badala yake nilijikuta nikiuliza swali ambalo msimamizi wangu aliliona la gereji: je, kulikuwa na namna yoyote ya mtu aliyeshika usukani kujua kwamba pistoni inakaribia kuyeyuka?

Ilikuwepo, na ni ya zamani kuliko injini yenyewe. Mwaka 1821, huko Berlin, Thomas Seebeck aliunganisha shaba na bismuthi zikawa kitanzi, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Alidhani amegundua sumaku inayozaliwa na joto. Kumbe ulikuwa umeme: metali mbili tofauti zikiungana, na ncha moja ikawa ya moto kuliko nyingine, mkondo hupita. Miaka ya 1880 Mfaransa Henri Le Chatelier aliligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha kuaminika cha tanuri za viwandani, akitumia waya za platini. Zilikuwa ghali mno. Kisha mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh akapata hataza ya aloi ya nikeli na kromi, na aloi za jamii hiyo zikafanya waya za kupimia joto la zaidi ya nyuzi 1,000 ziwe kitu cha bei ya kawaida.

Mwaka mmoja kabla ya Marsh, mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikuwa amepata hataza ya wazo lililokuja kuitwa tabo. Moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na nguvu. Uzungushe feni, na feni hiyo izungushe nyingine inayosukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za Ujerumani zilifungwa tabo, na injini za nguvu farasi 1,750 zikatoa 2,500. Kampuni ya Saurer ikajaribu kwenye malori mwaka 1938, na mwaka 1954 Volvo wakatoa lori la Titan Turbo, lenye nguvu farasi 185 badala ya 150.

Hapa naomba uvumilivu, maana kesi nzima ya baba imelala hapa. Injini ya dizeli haina mlango wa kuzuia hewa kama ya petroli. Hunyonya hewa yote inayoweza kupata, na mguu wa dereva huongeza mafuta tu. Mafuta yakizidi hewa iliyopo, moshi unazidi kuwa wa moto. Kwenye tambarare moshi unaotoka silinda huweza kuwa nyuzi 400 hivi. Mlimani, mzigo kamili, gia kubwa na injini inazunguka polepole, unapita 600, na madereva wengi wenye kipimo huchukulia 700 kabla ya tabo kuwa ndio mwisho wa kukaa. Alumini ya pistoni huanza kuyeyuka hata chini ya nyuzi 660. Huponea kwa sababu moto huja kwa mapigo mafupi na oili huipoza kutokea chini. Ukiunyima upoaji huo nafasi, unapata kizuizi cha mlango.

Na geji ya maji? Haisaidii. Maji ni mengi na mazito wa kupata habari. Sindano yake hupanda wakati pistoni imeshaharibika. Waya uliochomekwa kwenye njia ya moshi hutoa habari kwa sekunde chache.

Wahandisi wa meli walikuwa na kipimo kwa kila silinda. Marekani, madereva wenye malori yao wenyewe walinunua pairomita wakaifunga kwenye dashibodi, maana injini ikifa ni yao. Huku kwetu, injini ni ya tajiri, ila kosa ni la dereva. Ninavyoona mimi, ndiyo maana kipimo hakikufika: hakuna aliyedhani dereva wa kuajiriwa anahitaji kuambiwa jambo.

Barabara yenyewe haijawahi kuwa ya huruma. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikalazimika kupitisha mafuta na shaba Dar es Salaam, na malori yakamiminika kwenye njia ya vumbi na tope iliyoitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika 1968, lami ikaja, reli ikafuata. Kitonga kikabaki pale pale. Kutoka bonde la Ruaha unapanda hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani. Tabo hufidia, lakini kwa kufanya kazi zaidi.

Madereva walijipimia wenyewe. Baba aliniambia alitazama moshi kwenye kioo: kijivu sawa, mweusi punguza. Alisikiliza mluzi wa tabo. Alimtuma utingo anuse. Usiku, moshi hauonekani, na ilikuwa usiku.

Mwaka jana tulikutana na fundi aliyeifungua injini ile. Ndiye aliyemwambia baba, kana kwamba ni jambo la kawaida, kuwa mpira wa hewa kati ya tabo na intakula ulikuwa umepasuka na kufungwa kwa vipande vya tyubu kabla ya safari. Hewa ilivuja, mafuta yakabaki yale yale. Nilitaka kushangilia. Geji ya nyuzi ingemwokoa, nikasema.

Baba alinyamaza kidogo. "Au ingenifunga, mwanangu. Nilikuwa gia kubwa. Nilichelewa kushusha, nilitaka kumpita mwenzangu kabla ya kona."

Hilo sikuwa nimelisoma kwenye jalada lolote.

Malori mapya yana vipimo hivyo, na kompyuta hupunguza mafuta yenyewe joto likizidi. Mara nyingi namba haionekani kwa dereva. Binamu yangu huendesha moja la hivyo, na mwezi uliopita aliitwa ofisini akasomewa karatasi ya jinsi alivyopanda Kitonga. Baba alimuuliza namba ilikuwa ngapi. Hakuijua. Aliambiwa tu kwamba ilizidi.