Chuku za Wakata Miti: Ngano za Paul Bunyan na Suala la Hadhira

Je, ngano iliyochapishwa na kuuzwa yaweza bado kuhesabiwa kuwa fasihi simulizi? Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia ngano za Paul Bunyan, jitu mkata miti wa Marekani.

Katika karne ya 19, misonobari ya Michigan, Wisconsin na Minnesota ilikatwa na vibarua walioishi kambini msimu wote wa baridi. Magogo yalikokotwa juu ya barafu hadi mitoni, kisha yakaeleshwa theluji ilipoyeyuka. Usiku, bwenini, wanaume hawa walishindana kupiga chuku. Mnamo 1916, K. Bernice Stewart na Homer A. Watt walichapisha uchunguzi wa ngano hizo. Wanabainisha kwamba msimulizi alijifanya shahidi wa aliyoyasema, naye mgeni wa kambi ndiye aliyelengwa. Kikaango cha Bunyan, kwa mfano, kilikuwa kikubwa hata kikapakwa mafuta na watu walioteleza juu yake wakiwa na vipande vya nyama ya nguruwe miguuni. Chuku hii ina ladha kamili kwa kibarua mwenye njaa, anayeijua barafu.

Hata hivyo, mwaka 1914 William B. Laughead, aliyewahi kufanya kazi kambini, alikuwa amekwisha kumtumia Bunyan katika kijitabu cha matangazo cha Red River Lumber Company. Mkata miti akageuzwa kuwa muuza mbao. Ndipo mwaka 1950 Richard Dorson alipozishutumu ngano za aina hiyo zilizochapishwa kuwa ni fasihi simulizi bandia.

Shutuma ya Dorson ina uzito, lakini haitoshi. Kilichopotea si matukio, kwani mengi yalihifadhiwa. Kilichopotea ni yule mgeni anayehadaika. Msomaji wa kijitabu anajua tangu mwanzo kwamba anasoma chuku. Kwa hiyo mzaha uliomfundisha kibarua mgeni kuwa mmoja wa wenzake umebaki kichekesho tu, na faida yake imemwendea tajiri.

Funzo hili linatuhusu. Tangu pendekezo la 1968 la Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi, fasihi simulizi imedai nafasi yake darasani. Mkusanyaji anayenakili maneno pekee, akamwacha msimulizi na hadhira yake, amebeba gogo na kuuacha msitu.