Fumbo la Mabomu Lililowagombanisha Wanahisabati

Mwaka 2012, Microsoft ilipotoa Windows 8 bila ya kuutia ndani mchezo wa Minesweeper, ambao kwa muda wa miaka 20 ulikuwa ukija pamoja na mashine na kuwala makarani saa zao za kazi, wengi waliuhesabu kuwa ni upuuzi uliokwisha wakati wake. Na hukumu hiyo, kwa maoni yangu, ni dhuluma, kwani chini ya vijumba vile vya kijivu mlikuwamo fumbo la mantiki ambalo wanahisabati wamelishindania kwa burhani.

Asili yake haina maneno mengi. Mwingereza Ian Andrews alitoa mchezo wa Mined-Out mwaka 1983. Robert Donner na Curt Johnson wakaitengenezea Microsoft mchezo wao, ukauzwa mwaka 1990, na mwaka 1992 ukaingia katika Windows 3.1.

Asiyeujua na afahamu kwamba tarakimu iliyo katika kijumba kilichofunguliwa hutaja idadi ya mabomu yaliyomo katika vijumba vinavyokizunguka. Tuseme basi kwamba zimepangana 1, 2 na 1, na mbele yake upo ukuta wa vijumba vilivyofungwa. Lau bomu lingekuwa mbele ya ile 2, kila 1 ingekuwa imekwisha kupata haki yake, na vijumba vya kushoto na kulia vingekuwa vitupu. Lakini hapo 2 ingeambulia bomu moja tu, jambo ambalo ni muhali. Kijumba cha kati, kwa hiyo, ni salama, na mabomu yako mbele ya zile 1 mbili.

Ugomvi ulianza mwaka 2000, pale Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham alipothibitisha, katika jarida la The Mathematical Intelligencer, kwamba kukata shauri kama picha fulani ya tarakimu yaweza kutokea kwa mpango wowote wa mabomu ni swali la daraja la NP-kamili: jibu likiletwa huhakikiwa upesi, ila njia ya upesi ya kulitafuta hapana aijuaye. Na kwa kuwa mwaka ule ule taasisi ya Clay ilitangaza dola milioni 1 kwa atakayeonyesha kama njia hiyo ipo au haipo, ikavuma kwamba mchezo huu waweza kumtajirisha mtu. Nami hucheka, maana kushinda uwanja mmoja, hata ule wa vijumba 480 na mabomu 99, hakuthibitishi lolote juu ya viwanja vyote.

Mwaka 2011, katika jarida hilo hilo, Allan Scott, Ulrike Stege na Iris van Rooij walimjibu. Hesabu yake hawakuitia ila. Walisema tu kwamba swali lile si la mchezaji. Mchezaji anajua kuwa uwanja wawezekana, maana ameshawekewa; atakalo ni kijumba ambacho kwa yakini ni salama au kwa yakini kina bomu, na ili kupata yakini hiyo sharti kila mpango wa kinyume uonekane kuwa muhali, kama tulivyofanya kwa ile 2. Daraja la swali hilo ni co-NP-kamili, gumu vilevile. Mimi naona hawa ndio walioketi kitini pa mchezaji.

Yaliyobaki ni machache. Simon Tatham, katika mkusanyiko wake wa mafumbo utolewao bure, ameweka viwanja vinavyofumbuka kwa hoja tupu, ilhali ule wa zamani wa Microsoft ulimlazimisha mtu mara kwa mara kubahatisha kijumba cha mwisho. Yapo pia mafumbo ya karatasini, ambayo tarakimu zake zote hutolewa tangu mwanzo, na wahariri wetu wanaotenga nafasi kwa sudoku hawana udhuru wa kutoyachapa.