Kutoka Pwani hadi Tabora: Deni la Njia

Mgeni anayetoka Dar es Salaam kwa ndege kuja Tabora huvuka takriban kilomita 730 kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, tumeona vema tukumbushane jinsi waliotutangulia walivyoupima umbali huo: si kwa saa, bali kwa miguu na mabega.

Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Mwaka 1871 Stanley alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Kwihara. Kirangozi alitangulia, na nyuma yake wakafuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Ugogo maji yalikuwa adimu, na hongo ililipwa kwa kila mtemi.

Mwisho wa taabu hiyo palikuwa na mlango uliofunguliwa. Speke aliporudi mwaka 1861, alipokewa Kazeh nyumbani kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi mwenye asili ya Surat, aliyekwisha kuishi bara kwa miaka mingi.

Lakini haitupasi kusimulia ukarimu peke yake. Huko Zanzibar, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ya Wahindu wa Kutch, ilishika forodha na kukopesha wenye misafara. Vitambaa na shanga vilikwenda bara, pembe za ndovu zikarudi pwani; na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa. Mwaka 1860 konseli wa Uingereza, Rigby, aliwaweka huru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi wa Zanzibar. Tunaliandika hili kwa sababu sala isiyokiri ukweli ni nusu ya sala.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Leo aliyeondoka Mumbai kwa ndege hufika Dar es Salaam kwa saa sita hivi, ilhali mababu waliungoja msimu wa kaskazi ndipo majahazi yao yatweke tanga.

Njia imefupika, deni halikufupika. Majina ya wasafiri yamo vitabuni, lakini ya wapagazi walio wengi hayakuandikwa popote. Wajukuu wao ndio majirani zetu, tunaokutana nao sokoni, shuleni na msibani. Basi tunawaomba wazee wa jumuiya zote watusimulie wanayoyakumbuka kuhusu mababu zao wa njiani, nasi tuyaandike kabla hayajapotea. Ndege inapotua, tukumbuke kwamba ardhi iliyo chini yake ilikanyagwa kwanza na miguu yao.