Udhibiti wa Hisia, au Kuzimudu?

Neno udhibiti tumelizoea penye serikali na askari: udhibiti wa magendo, udhibiti wa mafuriko, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Ndiyo maana wanasaikolojia wanapotaja udhibiti wa hisia, wengi wetu tunasikia amri ya kujikaza na kumeza hasira. Maana hiyo inanisikitisha, kwani nimeona watu ninaowapenda wakiugulia moyoni kwa sababu yake.

Istilahi yenyewe ni pana. Ni yote afanyayo mtu ili hisia imjie au isimjie, ije kwa nguvu gani, ikae muda gani, na aionyeshe vipi. Hata mwenye huzuni anayejichangamsha kabla ya kuingia harusini anadhibiti hisia. Mwaka 1998 James Gross, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa filamu ya kukatwa kiungo. Walioambiwa waitazame kitaalamu, kama jambo lisilowahusu, kinyaa kiliwapungua. Walioambiwa wasionyeshe lolote walificha nyuso zao vizuri, lakini kinyaa kilibaki palepale, na miili yao ikahangaika zaidi.

Mpishi wa wali wa nazi anaijua tofauti hii. Tui likikauka, hamwagii jiko maji. Anapunguza makaa chini, mengine anayapanga juu ya kifuniko, ndiko kupalia. Moto ni uleule, umehamishwa tu, na wali unaiva bila kuungua.

Udhibiti umeshaingia vitabuni, sitaki kuung'oa. Lakini nikizungumza na watu nasema kumudu hisia. Anayemudu mzigo anaujua uzito wake, na bado anatembea nao.

Juzi mdogo wangu aliniandikia: "Dada, zile hela za ada nimezitumia. Nisamehe." Masikio yaliniwaka moto. Nilishaandika nusu ya jibu, maneno ambayo ndugu hawasahau. Nikalifuta, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni: "Nimekasirika. Na ninaogopa." Ile hofu nilikuwa sijaiona mpaka nilipoitaja. Nikaosha vyombo vyote, hata sufuria lililokuwa limelowekwa tangu jana yake. Nilipokausha mikono hasira ilikuwapo bado, ila sasa nilitaka kujua amepatwa na nini.

Nikampigia. Akapokea papo hapo, analia.