Chombo cha Paka

Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa. Kwa kauli hiyo walimthibitishia mnyama huyu haki ya kukaa nasi chini ya dari moja. Lakini akishakaa, ale na anywe katika chombo gani? Lugha yetu ina hori la ng'ombe, bali paka hakupewa chombo chenye jina lake. Hutengewa kigae, kifuu, au kisahani kilichomeguka ukingo. Hata hivyo chombo hicho kina historia, tena ndefu.

Tuanzie Misri. Huko Abydos, mtafiti wa mambo ya kale Flinders Petrie alifukua kaburi dogo la miaka takriban 4,000 iliyopita, lenye mifupa ya paka 17. Pamoja nayo palikuwa na safu ya vijungu vya udongo, vilivyofinyangwa pasi na urembo wowote. Petrie alidhani ni vya kuwatilia maziwa. Na katika kaburi la May, mjini Thebes, lililochorwa katika karne ya 15 kabla ya Kristo, yumo paka aliyefungwa kwenye mguu wa kiti, anajivuta kulifikia bakuli la chakula. Bakuli lipo, ila limewekwa asipofika.

Karne nyingi baadaye, huko Uarabuni, sahaba Abu Qatada alitiliwa maji ya udhu na mkwewe, Kabsha. Paka akaja kutaka kunywa, naye sahaba akamwinamishia chombo mpaka akakata kiu. Alipomwona mkwewe anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Wanazuoni wamekisoma kisa hiki kwa ajili ya hukumu ya tohara. Mimi nawaomba wasomaji wautazame pia ule mkono. Chombo kile hakikutengenezwa kwa ajili ya paka. Ndipo mkono ukakiinamisha kimfae.

Wajapani nao wanacho kisa mashuhuri cha masimulizi ya jukwaani. Mfanyabiashara wa vitu vya kale anamwona paka wa mkahawa akila katika sahani ya thamani kubwa. Kwa hila anamnunua paka kwa bei ya juu, kisha anaiomba na sahani, kana kwamba ni kitu duni. Mwenye mkahawa anakataa: sahani hiyo ndiyo inayomuuzia paka wake. Katika kisa hicho sahani imemfaa muuzaji na kumnasa mnunuzi. Paka hakuulizwa.

Na sisi wa pwani? Mabakuli ya kaure kutoka China tuliyajengea zidaka katika kuta za nyumba za Lamu, na huko Mambrui na Kunduchi tukayapachika katika nguzo za makaburi. Kaure nzima ikapanda ukutani. Iliyovunjika ikashuka sakafuni kwa paka. Ni desturi ya watu wasiopenda kutupa kitu, wala siidharau. Lakini yafaa tuipime upya, kwa kuwa leo tunamfahamu paka zaidi.

Asili yake ni paka-mwitu wa nchi kavu, aliyezoea kupata maji mengi kutoka katika nyama ya windo lake. Kwa hiyo hanywi sana, na anayelishwa chakula kikavu huweza kupungukiwa na maji mwilini. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba paka hateki maji kwa ulimi kama kata. Hugusa uso wa maji kwa ncha ya ulimi, akavuta juu uzi wa maji, kisha akafumba kinywa kabla haujaanguka; hufanya hivyo mara nne hivi kwa sekunde. Anywaye hivyo anahitaji bakuli pana, lililojaa karibu na ukingo. Kifuu kina shimo jembamba, tena hubingirika.

Chakula nacho kitiwe katika kisahani bapa, kizito kisichoteleza. Kaure nzima, kioo, au chuma kisichoshika kutu vyafaa, kwa sababu huoshwa vikatakata. Plastiki hukwaruzika, na uchafu hujificha katika mikwaruzo. Baadhi ya paka hutokwa na vipele kidevuni. Ufa wa kigae huficha uchafu vivyo hivyo, na rangi ya vyombo vya kale huweza kuwa na madini ya risasi. Maji yawekwe mbali kidogo na chakula, yabadilishwe kila siku. Sisimizi wakizidi, kisahani cha chakula kisimamishwe ndani ya sinia lenye maji.

Gharama yake ni bakuli moja zima. Abu Qatada alikuwa na chombo kimoja tu mkononi, akakiinamisha. Sisi tulio na kabati zima la vyombo tuna nafasi ya kuchagua.