Sijapita Umri, Nilicheleweshwa

Karibu na stendi ya Nyegezi kuna vibanda vya steshenari ambako watu huchapisha barua za kuomba kazi. Siku moja nilimkuta hapo mama mmoja, nesi mkunga, akisomewa tangazo la ajira serikalini. Walipofika kwenye sharti la umri usiozidi miaka 45, kijana wa kibanda akasema, "Mama, hapa umeshapita."

"Sijapita, mwanangu. Nilicheleweshwa."

Jibu lile lina historia ndefu. Mwaka 1993, nchi ikiwa kwenye masharti ya IMF na Benki ya Dunia ya kubana matumizi, Serikali ilisitisha ajira mpya.  Wahitimu walirudi nyumbani na vyeti vyao. Mama huyu alimaliza 1996, akiwa na miaka 22. Akafanya vibarua kwenye zahanati za watu binafsi. Mpango wa afya ya msingi, MMAM, ulipoanza 2007 na wauguzi kutafutwa kila wilaya, yeye alikuwa anamuuguza mama yake mzazi. Alipokuwa tayari, ikafika 2016: ajira zikasimamishwa tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Alikuwa na miaka 42. Miaka mitatu baadaye mlango ukajifunga wenyewe.

Kwa hiyo foleni waliipanga wengine, ila umri anadaiwa yeye.

Na maneno hayakosi: nesi mzee hawezi zamu za usiku, kompyuta inampiga chenga, haambiliki. Sikatai, kumgeuza mgonjwa kitandani kunaumiza mgongo. Lakini wodi yenye nesi mmoja inaumiza hata mgongo wa binti wa miaka 25. Tena, daktari bingwa wa Serikali anaruhusiwa kufanya kazi hadi 65, nesi mwisho wake 60. Mvi za daktari tunaziita uzoefu, za nesi tunaziita uchovu. Haya yote wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaja umri kati ya mambo ambayo mwajiri hapaswi kumbagulia mtu.

Nilimuuliza kama ataendelea kuomba. Akacheka. Usiku uliopita alikuwa amegongewa mlango na jirani, binti yake ameshikwa uchungu. Hakuna aliyemuuliza amezaliwa lini.