Bunduki ya Kweli, Hadithi ya Bandia

Ndugu zangu, miaka yote nimezowea kuhakiki hati na barua za zamani. Sikudhani siku moja nitaitwa kuhakiki bunduki.

Binamu yangu, ambaye kama mimi anaishi hapa Uingereza na ana kibali cha polisi cha kumiliki silaha ya kuwindia, alinipigia simu: "Kaka, nimeiona bunduki ya safari ya Roosevelt. Twende ukaitazame kabla sijatoa pesa." Muuzaji alitaka karibu mara mbili ya bei ya bunduki ya aina ile. Kwa maneno yake, iliteremka Mombasa Aprili 1909 pamoja na msafara wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndio kwanza ametoka katika urais wa Marekani. Na binamu yangu alikuwa na sababu yake: sisi tumekua tukisikia kwamba babu yetu alikuwa mpagazi katika msafara ule.

Basi nikaenda. Wanavyuoni wa hadithi hawatazami maneno peke yake, huuliza nani kapokea kwa nani. Bunduki nayo ina isnadi yake, imepigwa chapa katika chuma.

Kwanza, alama za majaribio. Hapa mtutu hauuzwi mpaka ujaribiwe kwa nguvu kuliko ya kawaida, ama London, ambako chama cha mafundi bunduki kilipata hati ya kifalme 1637, ama Birmingham, kwa sheria ya 1813. Chapa zao zimebadilika kwa nyakati, kwa hivyo zinakwambia wapi, na takriban lini. Hii ilikuwa na herufi GP chini ya taji, yaani London. Sawa.

Pili, nambari. Nikalinganisha ya mtutu, ya mwili na ya bolti. Zikipishana, ujue kuna kilichobadilishwa. Nikatazama pia kama chuma kimesuguliwa na kuchongwa upya. Hapana, nambari zilikuwa moja, kingo zake safi. Muuzaji akatabasamu: "Unaona? Kila kitu ni chake cha asili."

Tatu, nikasoma aina ya risasi kwenye mtutu: .375 Magnum ya Holland & Holland. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Risasi hiyo ilitolewa 1912, ilhali msafara wa Roosevelt ulimalizika Khartoum Machi 1910. Kama mtutu ungekuwa wa kubandikwa baadaye, angeweza kujitetea. Lakini nambari zile zile alizojivunia ndizo zilizomfunga. Bunduki ilikuwa ya kweli. Hadithi ndiyo ya bandia.

Akasema kaambiwa hivyo na aliyemuuzia. Na huyo kaambiwa na nani? Hajui. Mafundi wakubwa wa London, kama Holland & Holland na Rigby, wamehifadhi madaftari ya zamani, na kwa nambari tu unaweza kuuliza bunduki ilitengenezwa lini na ilikwenda kwa nani. Hakuwahi kuuliza.

Njiani binamu yangu alinyamaza, kisha akasema: "Kwa hivyo babu alitudanganya?"

Hilo ndilo lililonifanya niandike. La, hasha! Bunduki kutokuwapo 1909 si ushahidi juu ya babu. Kitabu alichokitoa Roosevelt 1910 kinawataja kwa majina baadhi ya wabeba bunduki wake, lakini wapagazi walikuwa mamia, na wengi hawakutajwa. Daftari la fundi nalo lingetupa jina la aliyenunua, si la aliyebeba mizigo. Binamu yangu alitaka kununua ushahidi ambao chuma kile, hata kingekuwa cha 1909, kisingeweza kuutoa.

Hakununua. Wiki iliyofuata tulimpigia simu shangazi yetu Mombasa, ndiye pekee aliyebaki aliyemsikia babu kwa masikio yake, tukamrekodi: nani alimwandikisha, alibeba nini, alilipwa nini. Mengine anayakumbuka, mengine hayakumbuki, nasi tumeandika yote mawili. Isnadi ni fupi, lakini mpokezi tunamjua.

Wenye wazee wao, wapigieni simu leo.